Kambare Mnyonyaji si Topasi wa Tangi

Juzi baada ya sala ya Isha jirani yangu alinikuta jikoni nikichemsha maji kidogo katika sufuria, na juu ya ubao nimekata vipande vinne vya tango. Akaniuliza kama nyumbani mna mgonjwa. Nikamwambia la, hiki ni chakula cha samaki. Alicheka mpaka akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. "Sheikh," akasema, "samaki hupikwa, hapikiwi!"

Nilicheka naye, kwa kuwa neno lilikuwa zuri. Lakini alipokwenda zake nililifikiri tena, nikaona kwamba fikira hiyo hiyo ndiyo iliyowaua samaki wangu wa kwanza, na ndiyo inayowaua wengi katika majumba yetu ya Mombasa, Malindi na kwingineko, ambako tangi la kioo limekuwa pambo la ukumbini kama ilivyokuwa saa ya ukutani zamani. Basi ndugu msomaji uniwie radhi leo nikuzungumzie kiumbe mdogo asiyekuwa na sauti.

Samaki ninayemkusudia ni kambare mnyonyaji. Si yule kambare wetu wa mitoni mwenye masharubu marefu na ngozi tupu ya utelezi. Huyu asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini, na jamii yake ni kubwa mno, aina zaidi ya 900. Mwili wake umevikwa vibamba vya mfupa mithili ya ngao. Mdomo uko chini ya kichwa, wa mviringo, na akiubandika juu ya jiwe au kioo hata mkondo wa nguvu haumbandui. Wavuvi wetu wanamjua chazo, ambaye wazee walikuwa wakimfunga ugwe mkiani na kumwachia baharini akamnate kasa. Lakini chazo hunatia utosini. Kile kibandiko chake ni pezi la mgongo lililogeuka umbo. Kambare huyu hunatia mdomo wenyewe, na kwa mdomo ule ule hukwangua chakula kwa vijino vidogo vilivyopangika kama chanuo. Hata jicho lake ni la ajabu: ndani ya mboni mna kitu kama pazia kinachoshuka mwanga unapozidi na kupanda giza linapoingia.

Sasa samaki wa namna hii, mwenye kazi zake na usiku wake, wauzaji wengi humnadi kwa neno moja tu: anasafisha. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika duka moja hapa mjini, mwenye duka akanishika mkono akanionyesha vijisamaki vitatu vilivyonata kiooni, kila kimoja hakizidi kidole cha mwisho. "Hawa hawana gharama, bwana. Wanakula uchafu wa tangi. Huyu ndiye topasi wenu." Nikanunua wote watatu. Baadaye nilijifunza kwamba wataalamu huwaita Otocinclus, nami huwaita oto kwa kifupi.

Tangi langu lilikuwa na umri wa juma moja. Nililisugua likang'ara, nikatia changarawe mpya, nikajisifu kwa usafi. Oto wa kwanza alikufa siku ya nne. Wa pili alimfuata siku mbili baadaye. Wa tatu aliishi siku kumi na moja, amenata pale pale kiooni, nami kila asubuhi nikimwita mjukuu wangu amtazame topasi anavyofanya kazi. Siku aliyokufa nilimgeuza kwa kijiko, nikaona tumbo lake limeingia ndani kama kijaluba kilichobonyea. Mtoto alitazama kitambo kisha akaniuliza, "Babu, kwani uchafu ulikwisha?"

Sikuwa na jawabu. Uchafu haukupata hata kuwapo. Tangi jipya lililosuguliwa ni jangwa kwa oto. Chakula chake ni ule utando wa kijani na vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vinavyoota juu ya jiwe na jani kwa muda wa majuma mengi. Mavi ya samaki hali, wala makombo yaliyooza hayali. Tena samaki hawa aghalabu huvuliwa mitoni, hufungwa katika mifuko, husafirishwa siku nyingi bila ya kula, na hufika dukani njaa imekwisha kuwala. Mwenye kutaka kununua atazame tumbo kutoka chini: likiwa limejaa kidogo, inshallah ataishi. Likiwa limebonyea, huenda hata chakula kizuri kisimfae tena. Tena oto hupenda kuishi kundi, sita au zaidi, wala si mmoja wa kuwekwa kama mshumaa.

Na utando si kitu pekee kinachohitaji muda. Katika chujio na changarawe huota bakteria wanaoigeuza amonia, ile sumu inayotoka katika mkojo na mabaki ya samaki, ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji mwezi mmoja au zaidi kuzoea mahali. Kwa hivyo mtu anayenunua tangi Jumatatu na samaki Jumanne amenunua msiba.

Hapa nitasema neno ambalo wengine wataliona zito kwa jambo jepesi. Kila mtoto aliyepita chuoni anakijua kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka, akawa hamlishi wala hamwachi akajitafutie. Samaki aliye mtoni akikosa utando juu ya jiwe hili huenda jiwe la pili. Aliye ndani ya tangi atakwenda wapi? Mtu akiniambia kwamba samaki si paka, nitamwambia kioo ni kifungo vile vile, na anayefunga ndiye mwenye dhamana. Nasema haya nikijihukumu mimi mwenyewe kwanza, maana watatu wale niliwaua kwa mkono wangu nikiwa nafurahi.

Kosa la pili tunalolifanya ni kudhani kwamba wote wenye mdomo wa kunyonya wana tumbo moja. La hasha. Oto ni mla utando. Yule mwenye ndevu, Ancistrus, ambaye dume lake huota vijinyama puani kama ndevu za mzee, ni mla mboga na utando, na utumbo wake ni mrefu wa kuzongomana, kama wa wanyama wala majani. Lakini yuko wa tatu, mzuri kuliko wote, Hypancistrus zebra, mweupe mwenye mistari myeusi kama punda milia, urefu wake kama sentimita 8. Huyo ukimwekea mchicha peke yake atakufa na njaa huku mchicha ukimtazama. Yeye hutaka vitu vyenye nyama: vijidudu vya majini, uduvi, mabuu. Mdomo ni ule ule, chakula mbali kabisa. Na yuko yule mkubwa wa kawaida ambaye huuzwa akiwa kama kidole, na baada ya miaka michache amefika sentimita 40, tangi halimtoshi hata kugeuka.

Basi jikoni mwangu nafanya hivi. Tango au mumunye nalikata vipande, mchicha nautumbukiza katika maji ya moto dakika moja au mbili mpaka ulegee, nauacha upoe, kisha naufunga na kijiko cha chuma ili uzame. Tango lisilotiwa uzito huelea, na kambare wa chini hatapanda juu kulifuata. Mwenye ndevu ni mtu wa usiku. Ukimwekea chakula mchana samaki wengine watakimaliza yeye akiwa bado yumo pangoni, kwa hivyo mimi huweka baada ya kuzima taa, na baada ya sala ya alfajiri hutoa yaliyobaki. Mabaki yakikaa siku nzima katika joto letu maji huharibika upesi. Mboga zioshwe sana, kwa kuwa dawa zinazopulizwa shambani zinaweza kuwaua samaki wote kwa usiku mmoja. Mara moja kwa juma nampa uduvi kidogo sana uliosagwa. Samaki hao wa majani wakizidishiwa nyama tumbo huvimba.

Kwa oto nilijifunza hila ambayo jua la pwani linatufaa sana. Chukua mawe laini ya mtoni, yatie katika ndoo ya maji, weka ndoo juu ya dari kwenye jua. Baada ya siku kumi au zaidi mawe yamevaa kijani. Tia mawili ndani ya tangi, na yale yaliyokwisha kukwanguliwa yarudishe juani. Huo ndio uchafu alioutaka mjukuu wangu, nao haupatikani kwa bahati, hulimwa.

Nimesema mawe ya mtoni, na nina sababu. Sisi watu wa pwani tangi likiingia nyumbani huenda ufukoni tukachota mchanga mweupe, tukaongeza kombe na kipande cha tumbawe, tangi likawa kama bahari ndogo. Kwa samaki wa bahari ni sawa. Kambare hawa wengi wao wametoka katika maji malaini, mengine ya rangi ya chai, yasiyo na chokaa. Tumbawe na kombe ni chokaa tupu, humumunyika kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa magumu. Mwenye ndevu ni mvumilivu na huishi hata humo. Oto ni dhaifu zaidi. Maji ya visima vingi vya kisiwani nayo yana chumvi, hayafai. Maji ya mfereji yaache katika ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke, au utie dawa yake.

Badala ya kombe, nenda chini ya mkungu. Karibu kila mtaa una mkungu wake, na majani yake makavu yaliyoanguka, mekundu au ya kahawia, wafugaji wa samaki wa Ulaya huyanunua kwa pesa yakiwa yamefungwa katika pakiti! Sisi twayafagia na kuyachoma moto. Jani moja au mawili yakiwekwa ndani ya tangi hutoa rangi ya chai, na juu yake huota utando ambao watoto wa samaki huuchuma. Nilipata habari hiyo kutoka kwa mtoto wa ami yangu anayefanya kazi Ujerumani. Niliposoma barua yake niliinuka nikaenda dirishani nikautazama mkungu ulioko mbele ya nyumba yangu, mti niliokula kungu zake tangu utotoni, nikaona haya kidogo.

Wajerumani wenyewe ni mabingwa wa samaki hawa. Ndio ambao mwaka 1988, kwa kuwa aina mpya zilikuwa zikifika nyingi kuliko majina, walianza katika gazeti lao la wafugaji, DATZ, kuwapa namba zinazoanza na herufi L. Punda milia ni L46. Mwaka 1991 ndipo wataalamu walipompa jina lake rasmi. Na habari ya punda milia ndiyo inayonifanya niseme kwamba kufuga bila ya kuzalisha ni nusu ya kazi. Samaki huyu hapatikani popote duniani ila katika mto Xingu wa Brazili, chini ya mawe, penye maji ya moto na mkondo mkali. Alivuliwa mno kwa ajili ya uzuri wake mpaka Brazili ikamtia katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2004 na kupiga marufuku kuvuliwa. Hata hivyo bado huvushwa mipaka kwa magendo. Kisha likajengwa bwawa la umeme la Belo Monte, likaanza kazi mwaka 2016, na sehemu kubwa ya maji ya mto yakaelekezwa kwingine, mbali na pale pale anapoishi. Jike lake hutaga mayai machache, kumi au kumi na tano hivi. Wanaouzwa kwa halali leo ni wale waliozaliwa ndani ya matangi ya watu wenye subira.

Wangu mimi si punda milia, sina uwezo huo. Ni wenye ndevu, dume mmoja na majike wawili. Walikaa kwangu mwaka mzima bila ya dalili yoyote. Nilisoma kwamba kwao huko msimu wa mvua unapoingia maji hupoa na kulainika, nao hujua kwamba wakati umefika. Nikasema, na sisi je hatuna masika? Mwezi wa Mei mvua za kwanza zilipokwisha kuosha mabati nilikinga maji safi katika pipa, na kila jioni kwa siku tano nikatoa sehemu moja katika tano ya maji ya tangi nikatia ya mvua yaliyochanganywa na ya mfereji. Ya mvua peke yake si mema, hayana madini hata kidogo. Ndani ya tangi nilikuwa nimelaza kifuu cha nazi kilichochemshwa vizuri, chenye tundu upande mmoja tu, dume anaingia kwa kubanana kidogo. Siku ya sita sikumwona dume. Nikamulika kwa tochi, nikakuta nyuma yake kichane cha mayai ya rangi ya chungwa.

Na hapa ndipo mtu aliyedhani huyu ni mfagizi angenyamaza. Jike likishataga huenda zake. Dume ndiye mlezi. Hukaa juu ya mayai usiku na mchana akiyapepea kwa mapezi ili maji mapya yapite, huondoa lililooza, na aghalabu hali kitu. Usiku wa tatu stima ikapotea mtaa mzima. Pampu ya hewa ilinyamaza, na maji yenye joto hayabebi hewa nyingi. Majike walipanda juu wakameza hewa, maana wengi wa jamii hii huweza kuitumia hewa ya tumboni wakizidiwa. Baba hakutoka. Nilimmulika mara kwa mara, nikamwona yumo, anapepea mbio mbio. Nikachukua kata, nikawa nateka maji na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa, nateka na kumwaga, mpaka stima ikarudi karibu na alfajiri. Mke wangu aliamka kunywa maji akanisimamia kitambo. "Mimi nilipougua homa hukukesha hivi," akasema, akarudi kulala.

Mayai yaliangua siku ya tano. Watoto hukaa ndani ya kifuu siku nyingine kadhaa wakila kile kiini walichozaliwa nacho tumboni, kisha hutoka mmoja mmoja, kila mmoja ameshika kioo kwa mdomo usiozidi kichwa cha sindano. Hapo ndipo wengi hupoteza watoto wote, kwa kosa lile lile la oto wangu: wanadhani watajitafutia. Tumbo lao ni dogo, haliweki akiba. Lazima chakula kiwepo muda wote, na lazima maji yawe safi muda wote, na mambo hayo mawili hupigana. Mimi niliweka jani la mkungu, mawe ya kijani, na mchicha asubuhi na jioni, nikawa nabadili maji kidogo kila siku. Chujio langu ni la sponji, kwa sababu lile la kuvuta kwa nguvu huwavuta na watoto. Kati ya 41 niliowahesabu walipona 23.

Jirani yangu hakukosa la kusema. Aliniuliza, je, si israfu kumpa samaki asiyeliwa mboga ambazo mtu angekula? Ni swali la haki. Tango moja hunitosha juma zima, na mchicha ni yale majani ya nje ambayo mke wangu angeyatupa. Lakini hata kama ingekuwa ni zaidi, jawabu langu ni kwamba hakuna aliyetulazimisha kufuga. Asiyetaka gharama na aache, aweke saa ukutani. Wala asije akachoka naye akaenda kumwaga mtoni. Huko Meksiko, katika bwawa la Infiernillo, kambare wa namna hii walioachwa majini walizaana mpaka wakawaharibia wavuvi wa perege kazi na nyavu zao.

Na wenye maduka nina neno nao. Sisemi wafunge. Pwani yetu yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ikipeleka ng'ambo samaki wa mapambo wa baharini, kitatange na wenziwe, na hatupendi kusikia kwamba kitatange wetu amefika nyumba ya mtu huko akafa baada ya siku nne kwa sababu muuzaji alimdanganya mnunuzi. Basi na mtu wa Amazoni naye ana haki ya kutudai hayo hayo. Muuzaji amwambie mnunuzi samaki huyu anakula nini, atakuwa mkubwa kiasi gani, na tangi liwe limekaa muda gani. Maneno matatu hayamfilisi mtu.

Wale 23 sasa wamekuwa kama nusu ya kidole. Vijana wa mtaani huja kuniomba, nami huwaambia kwanza nije nilione tangi. Mmoja nilimkuta amelisugua likang'ara kama langu la zamani, nikamwambia arudi baada ya mwezi, na asilisugue tena. Alinuna. Jana jioni alibisha hodi. "Shikamoo babu," akasema, na mkononi ana jiwe lililovaa kijani upande mmoja, ananionyesha. Nikampa wanne na jani la mkungu.